Alitaka IST Ivute Kama Subaru: Supachaja ya Laki Mbili na Nusu Ilivyomtokea Puani Kijana wa Tabata

Kama hujawahi kuachwa kwenye taa na gari lenye vijana wanne wanaokucheka kupitia dirishani, unaweza kuona stori hii ni ya kipuuzi. Ila mjini hapa dharau ni kitu kibaya sana. Kuna watu wamevunja kikoba kwa sababu ya dharau, kuna watu wamekopa kausha damu wanunue rimu, na kuna kijana mmoja wa Tabata ambaye alikaribia kulichoma moto gari ambalo nusu si lake.

Jina lake linabaki pembeni maana bado anatafuta riziki kwenye barabara hizi hizi. Wengi mnaofuatilia klipu za magari mnamjua kwa sura. Ana miaka 27, anaendesha Toyota IST ya rangi ya fedha, mchana anabeba abiria wa mtandaoni, usiku anarekodi klipu za dashibodi na kuzitupia muziki. Wafuasi wake sio wengi kivile, lakini wapo, na kwake yeye walikuwa ndo heshima.

Shida ilianzia hapo kwenye heshima.

Gari la ndugu wawili

Kwanza ieleweke gari lenyewe lilipatikanaje. IST ile ilinunuliwa kwa milioni 13. Milioni nne zilikuwa zake, alizozichanga kwa kubeba mizigo na baadae kuendesha gari la watu. Milioni tisa alitoa dada yake mkubwa, anayeuza vitenge Kariakoo. Hawakuandikishana kwa mwanasheria. Walikaa sebuleni, mama yao akiwa shahidi, wakakubaliana: kila Ijumaa kijana anampa dada hesabu ya 150,000. Zikifika wiki 60, milioni tisa itakuwa imerudi na gari litakuwa la kijana moja kwa moja.

Mpaka siku ya balaa alikuwa ameshalipa wiki 41 bila kuruka hata moja. Dada alikuwa akijisifia kwa wenzake dukani, "Mdogo wangu mimi hesabu yake kama mshahara wa serikali." Hela hiyo nayo ilikuwa na kazi yake. Mtoto wa kwanza wa dada alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza Januari, na kila aliyewahi kumpeleka mtoto bweni anaijua ile orodha: godoro, tranka, sare, viatu, ndoo, madaftari, na bado nauli.

Sasa siku moja jioni kwenye taa za Mwenge, pembeni ya IST ikasimama Subaru Forester yenye tabo. Dereva wake ni mtu wanayejuana mtandaoni. Taa ilipowaka kijani Forester ikaondoka na ule mlio wake, IST ikabaki inakohoa nyuma. Abiria wa kwenye Forester alikuwa anarekodi. Usiku klipu ikapanda, na maneno juu yake yakasomeka hivi: "Friji nalo linataka ligi."

Watu wakacheka siku tatu.

Tangazo lililojua saa ya kuingia

Simu zetu hizi zina kumbukumbu. Ukitafuta viatu mtandaoni, unaletewa viatu. Kijana alianza kutafuta namna ya kuongeza nguvu ya gari, na ndani ya siku mbili tangazo likamkuta: supachaja ya umeme, inafungwa kwa nusu saa, haihitaji kugusa injini, inaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Bei 250,000. Kwenye picha kitu kilikuwa cha bluu, kinang'aa, kina panga ndani kama la ndege.

Kwa mtu aliyetukanwa friji mbele za watu, tangazo hilo lilikuwa dawa.

Tatizo hela. Kwenye simu yake kulikuwa na 170,000, na hesabu ya Ijumaa ilikuwa inasubiri. Akamtumia dada ujumbe: "Dada shikamoo, gari nimeliingiza sevisi kubwa, wiki hii na ijayo naomba univumilie." Dada akajibu, "Marahaba mdogo wangu, usijali, gari kwanza." Ni maneno ya kawaida kabisa, lakini ndo yaliyokuja kumuuma kijana kuliko kitu kingine chochote kwenye mkasa huu.

Mzigo ukaja. 250,000 ya kifaa, 60,000 ya ufundi, 40,000 ya mipira, vibano na waya. Jumla 350,000. Aliyefunga alikuwa fundi umeme kijana mwenzake, chini ya mwembe. Wakakata paipu ya hewa inayotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini, wakachomeka kile kifeni katikati, wakabana na vibano. Waya mwekundu wakaupeleka moja kwa moja kwenye betri, swichi wakaitega kwenye pedeli ya mafuta, kwamba ukikanyaga hadi chini feni inawaka. Fyuzi hawakuweka. Fundi alisema, "Hii inakula umeme kidogo tu, haina noma."

Shika hapo penye fyuzi. Tutaparudia.

Mlio ulikuwa mtamu

Siku ya kwanza kijana alikuwa na furaha ya ajabu. Akikanyaga, chini ya boneti kunatoka mlio wa fyuuuu, kama tabo kabisa. Akarekodi klipu, sindano ya spidi inapanda, feni inalia, muziki juu. Watu wakaanza kuuliza bei. Yule wa Forester naye akaweka kicheko cha wasiwasi. Kijana alilala akiwa bingwa.

Siku ya tatu taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Akaizoea, si unajua, madereva wengi wanaizoea kama taa ya chumbani. Siku ya tano akagundua mafuta yanaisha mapema kuliko kawaida. Akajipa jibu mwenyewe, kwamba nguvu lazima ile. Alisahau kwamba tangazo lilisema ulaji unapungua.

Siku ya tisa akapata safari kutoka hospitali ya Mloganzila kwenda Sinza. Abiria walikuwa mama mmoja na baba yake, mzee mwenye fimbo, mguu mmoja umefungwa bandeji kubwa. Walimpandisha taratibu, mguu ukanyooshwa siti ya nyuma. Mbezi wakapita salama. Walipokaribia Kimara, mama akasema, "Kaka, mbona kama kuna plastiki inaungua?"

Kijana akafungua kioo akidhani ni moshi wa nje. Sekunde chache baadae moshi ukaanza kutoka pembeni ya boneti.

Akaegesha. Hapo ndo unajua gari lenye mgonjwa linavyokuwa dogo. Mzee hawezi kuruka nje, mguu hauinami, mama analia anavuta mkono wa baba yake, kijana hajui akimbilie mlango wa nyuma au boneti. Waliomwokoa ni watu wa kijiweni. Bodaboda wawili walimbeba mzee juu juu mpaka kwenye benchi la muuza kahawa. Dereva wa bajaji akaja na spana namba 10, akalegeza kichwa cha betri, akakivuta kwa kitambaa kilicholowa. Moshi ukapungua, ukaisha. Waya mwekundu ulikuwa umeungua wote kuanzia kwenye betri, na ulikuwa umeyeyusha na nyaya nyingine za gari zilizopita nao njia moja.

Hakuna aliyeumia. Mzee aliketi pale kwenye benchi, akavuta pumzi, akasema, "Kijana, mimi nimetoka kukatwa kidole cha mguu leo. Ungenimalizia kabisa." Hakusema kwa hasira. Mama ndo alisema kwa hasira, na kwenye programu ya usafiri aliandika kila kitu. Akaunti ya kijana ikafungiwa siku tatu.

Fundi mzee na mpira wa levo

Gari lilivutwa hadi gereji moja ya Tegeta, kwa fundi mzee ambaye vijana huwa wanamkimbia kwa sababu anauliza maswali mengi. Alifungua boneti, akakitazama kile kitu cha bluu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, hiki umekiweka cha nini?"

"Supachaja, mzee. Inaongeza upepo kwenye injini."

"Upepo kiasi gani?"

Kijana akakosa jibu. Mzee akachukua chaki, akaandika kwenye ukuta wa gereji. Hesabu yenyewe ni hii, na kila mwenye gari ndogo aikariri.

Injini ya IST ile ni ya lita 1.5. Kwa namna inavyofanya kazi, inajaza hewa lita 1.5 kila inapozunguka mara mbili. Ukiivuta hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, inavuta hewa mara 3,000 kwa dakika. Zidisha na 1.5, unapata lita 4,500 kwa dakika, au lita 75 kila sekunde. Chukua ndoo za lita 20, jaza hewa karibu ndoo nne, zimwage ndani ya injini kwa sekunde moja, halafu sekunde inayofuata nyingine nne. Hicho ndo injini inajivutia yenyewe bila msaada wa mtu.

Supachaja ya kweli kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko hiyo, tena kwa presha. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo inaongezwa, kwa sababu uzito wa hewa unatakiwa uwe karibu mara 14.7 ya uzito wa petroli ndo ichomeke vizuri. Hewa nyingi, petroli nyingi, mlipuko mkubwa, gari linavuta. Hamna uchawi mwingine.

"Sasa soma hapo kwenye kifaa chako," mzee akamwambia.

Kwenye kifaa kulikuwa na kikaratasi: volti 12, ampea 4. Zidisha, unapata wati 48. Mzee akauliza, "Pasi ya nyumbani wati ngapi?" Kijana akasema elfu moja hivi. "Kwa hiyo kitu kisichoweza hata kunyoosha kola ya shati ndo kikusaidie kuifukuza Forester?"

Watu wa gereji wakacheka, lakini mzee hakucheka. Akaenda kwa mafundi ujenzi waliokuwa jirani, akaazima ule mpira mweupe wa levo, unaoonesha ndani. Akaukunja kama herufi U, akamwaga maji kidogo, ncha moja akaifunga na mfuko kwenye mdomo wa kile kifeni, akakiwasha kwa betri ya pembeni. Presha ya paundi moja inatakiwa ipishanishe maji karibu sentimita 70. Gari la tabo lililowekwa presha ya paundi tano tu lingehitaji mpira wa zaidi ya mita tatu. Pale maji yalisogea upana wa vidole viwili, yakatulia. Feni inalia fyuuuu, maji yametulia tuli.

Kijana alitazama yale maji hadi mzee akazima.

Kwani supachaja ya umeme haipo?

Ipo, na hapa ndo wauzaji wa matangazo wanapowapatia watu. Wanachukua kitu cha kweli, wanakiuza kwa jina lake, lakini ndani ya boksi kuna kitu kingine.

Mwaka 2016 Audi walitoa SQ7 ya dizeli, injini ya lita 4.0 yenye silinda nane. Ndani yake kuna tabo mbili na kompresa moja inayozungushwa na umeme. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, kwa hiyo ukiwa taratibu moshi ni mdogo na tabo inachelewa kuamka. Kompresa ya umeme inaziba lile pengo: ukikanyaga tu, ndani ya robo sekunde imeshafika mizunguko hadi 70,000 kwa dakika, inasukuma hewa wakati tabo zinajikusanya. Zikishaamka, yenyewe inapumzika.

Sasa sikia inakula umeme gani. Kilowati saba. Yani wati 7,000. Ni pasi saba za nyumbani zimewashwa kwa pamoja, na ni zaidi ya mara 140 ya kile kifeni cha bluu. Ndo maana Audi waliiwekea mfumo wake wa umeme wa volti 48. Ungetaka kuiwasha kwa volti 12 za gari la kawaida, ungehitaji zaidi ya ampea 580. Oltaneta ya gari dogo haifiki hata robo ya hapo.

Na zile Mercedes zilizoandikwa Kompressor nyuma, ambazo zimejaa Dar? Zile nazo ni supachaja za kweli, ila zinazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Mercedes walikuwa na hiyo teknolojia tangu mwaka 1921, walipoonesha magari yenye kompresa kwenye maonesho ya Berlin. Zote hizi, ya mkanda, ya moshi na ya umeme, zina kitu kimoja wanachofanana: nguvu ya kusukuma hewa lazima itoke mahali, na inakuwa nyingi.

Halafu hata kama kile kifeni kingekuwa na nguvu ya kweli, bado kungekuwa na hatari. Injini ya IST ile kiwandani imeshabanwa sana, mchanganyiko wa hewa na petroli unakandamizwa mara 10.5. Ukiongeza presha juu yake bila kubadilisha mpangilio wa kontroo boksi na petroli, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, injini inaanza kugonga, na pistoni zinaweza kutoboka. Kwa lugha nyepesi, kijana aliokolewa na ubovu wa alichouziwa.

Klipu zake mwenyewe zilimuumbua

Kijana hakukubali haraka. "Lakini mzee, gari lilikuwa linachomoka. Nina klipu."

"Leta."

Alikuwa nazo zote mbili, ya kabla na ya baada. Barabara ile ile, alfajiri, yeye peke yake ndani. Mzee akamwambia azime muziki, ahesabu sekunde kutoka spidi 0 hadi 80 kwa saa ya simu nyingine. Wakahesabu mara tatu. Klipu ya baada, yenye feni na mlio, ilichelewa kwa zaidi ya sekunde moja.

Sababu ni nyepesi. Injini ikiwa inataka ndoo nne kwa sekunde, na katikati ya paipu umeweka panga na mota, umeiziba pua. Ni sawa na kunywa juisi kwa mrija uliotafunwa. Gari linapokuwa zito, dereva anakanyaga zaidi, mafuta yanaisha. Ile taa ya injini nayo ilikuwa na maana yake: mashine ya kupimia ilisoma P0171, kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Vibano vilikuwa havijakaza, hewa ya wizi ilikuwa inaingia baada ya kupita sensa ya hewa, kwa hiyo kontroo boksi ilikuwa haiijui.

Na moto? Turudi kwenye fyuzi. Waya ule ulipitishwa juu ya ncha ya bati, kila gari likitetemeka unasuguliwa. Siku tisa zilitosha kuchubua plastiki yake. Shaba ikagusa bodi ya gari. Hapo haijalishi tena kwamba feni inakula ampea nne, maana umeme hauendi tena kwenye feni. Betri inamwaga mamia ya ampea kwenye waya mwembamba, waya unakuwa mwekundu kama kuni. Kama kungekuwa na fyuzi ndogo karibu na betri, ingekatika kimya kimya, mzee angefika Sinza, na hakuna ambaye angejua. Fyuzi yenyewe ni kitu cha bei ya chapati.

Ijumaa ya kwenda Kariakoo

Nyaya zilizoyeyuka zilitengenezwa kwa 180,000. Ukijumlisha na ile 350,000, ni 530,000. Siku tano gari halikufanya kazi, kwa kipato chake cha kama 40,000 kwa siku ni 200,000 nyingine. 730,000. Karibu hesabu tano za dada, zimeenda na moshi, kwa sababu ya neno friji.

Angeweza kudanganya tena. Sevisi kubwa ilikuwa imeshatumika kama kisingizio, angeongeza tu kwamba gari lina matatizo. Rafiki yake mmoja alimshauri hivyo hivyo: "Mpige fiksi, dada zetu hawajui magari." Ila fundi mzee alikataa kumpa gari mpaka dada aje mwenyewe. Alisema, "Gari hili naambiwa lina wenyewe wawili. Mmoja nimemuona."

Kijana akaenda Kariakoo kwa mwendokasi. Akamkuta dada anampimia mteja kitenge. Akasubiri hadi mteja akaondoka, akaeleza yote: Forester, klipu, tangazo, sevisi ya uongo, yule mzee wa bandeji. Dada hakupiga kelele. Aliendelea kukunja vitenge, kimoja baada ya kingine, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mzee alifika kwake?"

"Alifika. Nilimlipia gari lingine."

"Haya."

Walienda Tegeta pamoja. Dada akaoneshwa waya ulioungua, akaoneshwa kifeni. Akakigeuza geuza mkononi. Akasema, "Mwanangu Januari anakwenda shule na tranka la kuazima kwa sababu ya hiki?" Hapo ndo kijana alipoinama. Fundi mzee akajifanya anatafuta spana.

Wengi walidhani dada atachukua ufunguo. Ndugu wengine walimwambia achukue, ampe dereva mwingine. Yeye alikataa. Alisema wiki 41 haziwezi kufutwa na wiki mbili, lakini kuanzia siku ile hesabu haitumwi tena kwa simu. Kijana anaipeleka mkononi kila Ijumaa jioni, dukani, na anasimama pale dakika kumi wanaongea. Wiki zilizoharibika zinaongezwa mwisho. Na neno sevisi likitajwa, risiti ya fundi iwepo.

Tranka halikuwa la kuazima. Kijana aliuza rimu zake na redio, akalinunua yeye, pamoja na godoro. Alimsindikiza mpwa wake stendi mwenyewe, kwa IST hiyo hiyo, na taa ya injini ilikuwa imezimika.

Kifeni kiko wapi sasa?

Hapa ndo patamu. Kile kitu cha bluu hakikutupwa. Muuza mishkaki wa jirani na gereji alikiona kikiwa mezani, akakiomba akijaribu kwa betri ya pikipiki. Akakielekeza kwenye mkaa. Mkaa ukashika moto, kitu ambacho kwa kipepeo cha ukili kingemchukua muda na jasho. Akakinunua kwa 30,000 palepale.

Sasa cha kushangaza, supachaja zenyewe asili yake haiko mbali na hapo. Mwaka 1860 ndugu wawili wa Indiana kule Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine ya kupuliza hewa. Haikuwa ya gari, maana magari hayakuwepo. Ilikuja kutumika kupuliza matanuru ya kuyeyushia chuma. Miaka mingi baadae wahandisi wakaona mashine ya aina hiyo inaweza kupuliza na injini. Kwa hiyo kifeni cha bluu, kwa namna yake, kimerudi nyumbani.

Kijana alirekodi klipu ya mkaa ukiwaka, akaitupia mlio ule ule wa fyuuuu, akaandika: "Friji limeuza supachaja kwa mishkaki." Ndo klipu iliyotazamwa kuliko zote alizowahi kuweka. Yule wa Forester aliweka emoji za kucheka, halafu akamfuata inboksi kuuliza fundi mzee yuko wapi, maana tabo yake ilikuwa imeanza kutoa moshi wa bluu.

Kwa wenye magari madogo mnaotamani yavute: badilisha eya klina iliyoziba, angalia plagi, jaza upepo sahihi kwenye matairi, toa mizigo ya bure kwenye buti, na taa ya injini ikiwaka pima, usiizoee. Gari litarudi kwenye nguvu yake ya kiwandani, na kwa magari mengi ya mjini hiyo peke yake ni tofauti utakayoisikia. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta gari lililozaliwa na tabo, na bajeti ya kulitunza. Na waya wowote unaoongeza kwenye gari, iwe redio, taa au hata chaja ya simu, uwekewe fyuzi karibu na betri. Fundi akikwambia haina noma, mwambie wewe unaitaka hivyo hivyo.

Kijana bado anapeleka hesabu kila Ijumaa. Wiki zimebaki saba. Dakika kumi za dukani siku hizi zinafika saa nzima, na anasaidia kushusha majora.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ndo dada, ungemwachia ufunguo au ungeuchukua? Na kama umeshawahi kuuziwa kifaa cha kuongeza nguvu ya gari, dondosha kwenye komenti ulichofungiwa na kilichokukuta, ili mwingine asiingie mkenge.